Pima Maji Kwanza, Ndipo Upime Tuta

Vuteni mkeka tukae hapa chini ya mwarobaini, maana huku Dodoma ikifika saa nne tu jua limeshakuwa kali, na upepo unaleta vumbi mpaka jikoni. Leo tuzungumze bustani ya nyumbani wakati mvua haipo.

Mdogo wangu mmoja anayeishi pembezoni mwa jiji ameniandikia akiwa amechoka. Ana matuta manne nyuma ya nyumba: mchicha, chainizi, sukuma wiki na nyanya. Tangu mvua zikatike, amekuwa akibeba maji asubuhi na jioni. Pamoja na jasho lote hilo, mchicha umedumaa, chainizi imekimbilia kutoa maua, na nyanya zinaoza kitako zikiwa bado changa. Mumewe amemwambia aache, kwa kuwa fedha ya madumu ya maji ingetosha kununua mboga sokoni. Anauliza, “Dada, niendelee au niachie hapo?”

Mdogo wangu, endelea, ila si kwa matuta manne. Na shemeji usimkasirikie, kwa sababu swali lake ni la haki. Kaa naye jioni, mpige hesabu pamoja, kwa maana bustani ya kiangazi huanzia kwenye hesabu ya maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Kwenye joto na upepo wetu wa Septemba na Oktoba, mboga za majani huhitaji kati ya lita 4 na 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Chukua lita 5. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 litataka lita 20, yaani ndoo moja kubwa kila siku. Matuta manne ya ukubwa huo yanataka ndoo nne. Kama uwezo wako ni ndoo moja na nusu, ukazigawa kwa matuta manne, kila tuta linapata maji ya kulowesha uso wa udongo tu. Mizizi iliyo chini haionji kitu. Jioni udongo unapendeza kwa weusi, saa tatu asubuhi umekauka. Hapo ndipo maji yako na fedha ya shemeji vinapopotelea.

Ninakwambia haya kwa sababu yalinipata. Nilihamia Dodoma nikitokea Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako nilizoea kuinua matuta ili maji ya mvua yasituame kwenye mizizi. Nilipofika hapa nikainua matuta matano vilevile, nikapanda sukuma wiki na chainizi kama nilivyozoea. Kufika Agosti yote yalikuwa yamekauka, pamoja na kwamba nilikuwa naamka alfajiri kila siku kumwagilia. Jirani yangu, mama wa Kigogo, alikuwa na kipande kidogo tu karibu na jiko lake, na kila wiki alikuwa anachuma. Nilipomwendea kuuliza, hakunipa dawa yoyote. Alinionyesha tuta lake: lilikuwa limechimbwa kwenda chini, limezungushiwa kingo za udongo, juu limefunikwa nyasi kavu. Wenyeji husimulia kwamba hata jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo la kuzama, kwa habari ya tembo aliyezama kwenye tope. Tangu siku ile na mimi nikaanza kuzamisha matuta yangu.

Basi tuanze hapo. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja: kwa mwaka tunapata milimita 550 hadi 600 hivi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni ukavu. Na hata ndani ya msimu wenyewe, Februari mvua huweza kusimama wiki mbili au tatu. Tuta la kuinuka hupigwa na jua na upepo juu na ubavuni, hivyo hukauka upesi. Tuta la kuzama hukaa chini kidogo ya uso wa ardhi, na kila tone unalomwaga hubaki ndani ya kingo mpaka limenyonywa.

Lichimbe hivi. Pima mita 1 kwa upana ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Toa udongo wa juu, uuweke pembeni. Tifua wa chini kina cha jembe moja, kisha changanya ule wa juu na samadi iliyooza vizuri, madebe mawili au matatu kwa kila mita mbili za mraba. Samadi mbichi usitie, itaunguza mizizi. Iliyooza hushika maji kama sifongo, na udongo wetu wa kichanga unaihitaji mno. Rudisha mchanganyiko wako, lakini uache uso wa tuta uwe chini ya kingo kwa kimo cha kiganja. Mvua zikirudi kwa nguvu mwezi wa Januari, bomoa ukingo wa upande mmoja ili maji ya ziada yapite.

Baada ya kumwagilia mara ya kwanza, funika. Matandazo ndiyo nguo ya udongo, mdogo wangu, na udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi haufai kukaa uchi. Tumia nyasi kavu zisizo na mbegu, majani makavu, maganda ya karanga au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu mpaka vinne. Kila mara tandaza juu ya udongo uliolowa. Ukitandaza kwenye udongo mkavu, utakuwa umeufungia ukavu ndani. Na kwa kuwa mchwa ni wenyeji wa huku, acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina na ukague chini ya matandazo kila siku mbili tatu.

Sasa tuchague nani abaki. Hili linauma, nalijua, kwa sababu kila mche umeulea kwa mkono wako. Lakini kwenye kiangazi kuna mboga za kusubiri na mboga za kuendelea nazo.

Chainizi ing'oe yote leo, upike inayofaa. Ikishaona joto kali hukimbilia maua, na maji utakayoipa baada ya hapo hayatakurudishia majani. Kabichi na karoti zisubiri mwakani. Sukuma wiki bakiza mashina sita au manane yenye afya, chuma majani ya chini na uache matano au sita ya juu kila shina. Mashina machache yanayoshiba hukupa majani mengi kuliko ishirini yenye kiu.

Mchicha weka. Mchicha na mgagani ni katika mimea inayotumia maji yake kwa uangalifu kwenye joto, na yote miwili hukomaa upesi. Mchicha uliopandwa leo utaukata baada ya wiki tatu mpaka nne. Ukiukata juu ya ardhi ukaacha kipande cha shina chenye vifundo viwili vitatu, utachipua tena, na unaweza kuukata mara mbili tatu kabla ya kupanda upya. Ukiung'oa na mizizi, umeanza safari upya na maji mapya. Mgagani nao wengi wa mjini wameudharau kwa uchungu wake, lakini ukichemshwa, ukamwagwa maji ya kwanza, kisha ukaungwa kwa karanga, mtoto hatauliza nyama. Ongeza majani ya kunde, bamia na nyanya chungu, ambazo huvumilia kuliko nyanya za kawaida. Na kwenye kona ambako maji ya kunawia hufika, chomeka marando ya matembele. Yakishashika mizizi yatakusitiri siku ambazo maji ya bomba hayatoki.

Nyanya zako zinazooza kitako hazijarogwa na wala hazihitaji dawa ya kupulizia. Zinakosa kalisi kwenye tunda, na mara nyingi kalisi ipo kwenye udongo, ila husafiri na maji. Leo umemwagilia sana, kesho kutwa humwagilii kabisa: tunda linakosa chakula katikati ya safari. Vilevile mche uliokaa na kiu siku kadhaa ukanyweshwa ghafla, nyanya zake hupasuka. Bakiza miche minne tu, uipe maji kidogo kwa mpangilio uleule kila siku. Kila mche uuwekee chupa ya lita moja na nusu: kata kitako cha chupa, toboa kifuniko matundu mawili kwa sindano iliyopashwa moto, ichimbie kichwa chini karibu na shina, kisha ujaze maji. Yatadondoka polepole kwenye mizizi, na jua halitayapata. Ukiwa na chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kichimbie mpaka shingoni katikati ya mimea, ukijaze na kukifunika. Maji hupenya kwenye kuta zake kadiri udongo unavyokauka.

Kuhusu wakati wa kumwagilia, alfajiri ndiyo saa yake. Udongo umepoa, upepo umetulia, na mmea unaingia kwenye joto la mchana ukiwa umeshiba. Kama alfajiri una daladala ya kuwahi, mwagilia jioni, lakini mwaga chini kwenye shina na usiloweshe majani, hasa ya nyanya, kwa sababu majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu. Na usidanganywe na majani yanayolegea saa saba mchana. Mmea hufanya hivyo kujikinga na jua. Yaangalie kesho yake alfajiri. Yakiwa yamesimama, mmea hauna kiu. Yakiwa bado yamelegea, unyweshe haraka. Na kama una wasiwasi, ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ndoo yako ipumzike.

Kuna siri nyingine ambayo wengi huipita: magugu na msongamano. Kila gugu lina mdomo wake. Mchicha uliomwagwa kwa konzi ukaota kama zulia, kila mche unamnyang'anya mwenzake maji. Punguza miche mpaka nafasi ya vidole vinne, na hiyo unayoipunguza ndiyo mboga ya siku hiyo.

Shemeji naye mpe kazi yake. Tuta linahitaji kivuli cha mchana na kinga ya upepo. Miti minne, fito juu, na mabua ya mtama au mahindi yaliyotandazwa kwa nafasi ili jua lipenye kidogo. Upande upepo unakotokea asimamishe ua wa mabua hayohayo, maana huku kwetu upepo hukausha majani kama jua linavyofanya. Mbegu za mlonge nazo azipande pembeni. Mlonge ukishakua huvumilia ukame, na majani yake ni mboga kamili.

Sasa maji yenyewe. Kabla hujanunua dumu lingine, angalia yale unayomwaga jikoni. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yote ni ya bustani. Maji ya kuchemshia viazi, yakiwa hayana chumvi, yaache yapoe ndipo uyamwage. Weka beseni chini ya mahali mnaponawia mikono. Maji ya kusuuzia nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya mche mwagia mipapai na migomba, si mboga za majani. Yale ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga, au yenye dawa ya kung'arishia nguo, yapeleke mbali na bustani, kwa sababu chumvi zake huharibu udongo taratibu.

Hapo kwenye chumvi nisimame kidogo, maana visima vingi huku vina maji ya chumvi. Ukiona uso wa udongo umefanya utando mweupe na kingo za majani zimeungua rangi ya kahawia, ujue chumvi imerundikana. Maharage hayataki kabisa mahali hapo, ila spinachi huvumilia vizuri. Usimwagilie juu ya majani. Ongeza samadi iliyooza, na kila ukipata maji baridi ya bomba au ya mvua, lizamishe tuta mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Mdogo wangu wa pili ananiuliza kutoka nyumba ya kupanga. Uwanja ni wa saruji, bili ya maji wanagawana wapangaji wanne, naye hataki maneno na majirani. Kwako wewe jibu ni gunia. Tafuta gunia la kilo 100, changanya madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi iliyooza. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, zungusha udongo pembeni, kisha livute juu na kuendelea hivyo mpaka gunia lijae. Katikati utakuwa na nguzo ya kokoto inayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, yasipangane mstari mmoja, upande mchicha, spinachi au sukuma wiki, na juu upande vitunguu vya majani. Liweke linapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa sababu gunia hupata joto ubavuni na hukauka upesi kuliko tuta. Maji ya kuoshea mboga na mchele ya familia ndogo yatakusaidia sana hapo. Na fungu la kwanza utakalochuma, mpelekee jirani. Hapo maneno yataisha kabla hayajaanza.

Wadudu nao wana msimu wao. Kwenye ukavu na vumbi huja utitiri mwekundu: majani hupata vidoadoa vya njano na chini yake utando mwembamba kama wa buibui. Ng'oa majani yaliyoharibika sana, na asubuhi rushia maji upande wa chini wa majani, kwani utitiri hupenda vumbi na ukavu. Vidukari wakijikusanya kwenye kichomozo, wapanguse kwa vidole au uwapulizie maji yenye sabuni kidogo ya mche. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, husaidia pia. Puliza jioni, na mboga uioshe vizuri kabla ya kupika. Kwenye nyanya angalia kantangaze, aliyethibitishwa nchini mwetu mwaka 2014: jani lina njia nyeupe kama ramani na tunda lina vitundu. Majani na matunda hayo yachimbie shimoni, usiyaache pembeni ya bustani. Ukilazimika kununua dawa dukani, soma siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko na uziheshimu, maana mboga hiyo utaila wewe na wanao.

Neno langu la mwisho ni la akiba, kwa kuwa kiangazi hushindwa wakati wa mvua. Mama zetu wa Kigogo hawasubiri Oktoba ndipo wawaze mboga. Machi na Aprili, mlenda, mgagani na kunde vikiwa tele, huchuma, hukausha na kuhifadhi. Fanya hivyo na wewe, ila kaushia kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hula vitamini A ya majani. Na paa lako la bati ni kisima. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 550 ikinyesha juu yake, hata ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, bado zinateremka zaidi ya lita 21,000 kwa mwaka. Huna pa kuziweka zote, ni kweli. Lakini tangi moja la lita 1,000 ni ndoo 50, na ndoo 50 ni siku 50 za tuta moja. Fedha ambayo shemeji anaiona inamwagwa kwenye madumu, anzeni kuiweka kidogokidogo kwa ajili ya mfereji wa bati na tangi kabla ya Desemba.

Basi, mdogo wangu, kesho alfajiri usibebe maji kwanza. Toka na kalamu, hesabu ndoo unazozipata kwa siku bila kuumia, uzigeuze kuwa matuta. Ikitoka ndoo moja, lima tuta moja, lizame, lifunike, lishibe. Tuta moja linalochumwa kila wiki linalisha watoto. Manne yenye kiu hayamlishi mtu. Ukishakata mchicha wa kwanza, niandikie uniambie shemeji amesemaje.